Filimbi Kipindi cha Hesabu

Mwalimu Tomaso alipita mstari baada ya mstari asubuhi ile ya gwaride, akiwatazama watoto midomoni. Hakuuliza jina la mtu. Alisimama mbele ya kila mmoja, akasema, "Hebu cheka," na mtoto akacheka kicheko kisicho na sababu. Aliyatazama meno yake, kisha akamshika mkono na kumkunjua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayechagua bamia sokoni. Alipofika kwa Kazija alikawia.

"Meno hayana pengo," alisema. "Vidole virefu. Toka, kasimame pale."

Kazija akatoka mstarini, akaenda kusimama penye bendera pamoja na wenzake waliochaguliwa, asijue kama ameitiwa heri au shari. Alikuwa darasa la nne.

Mwaka huo Lindi ilikuwa imetoka tu kutengwa na Mtwara na kufanywa mkoa wa peke yake, na mji wote ulikuwa kama nyumba ya harusi, wageni hawaishi. Leo mkubwa mmoja anatua kwa ndege Kikwetu, kesho mwingine anashuka bandarini, keshokutwa ni siku ya chama. Kila mgeni alipaswa kupokewa, na mapokezi yasiyo na muziki yalionekana ni ya watu waliolala. Shule yao, iliyokuwa mwendo mfupi kutoka mtaa wa Rasbura, ikapewa filimbi za mti, ngoma ndogo kadhaa na ngoma moja kubwa. Mwalimu Tomaso, aliyejifunza muziki kwa mapadri huko bara, akapewa watoto.

Kazija hakuwa mzaliwa wa mjini. Kwao kulikuwa Nahima, kitongoji cha Wamwera nyuma ya Kilangala, nyumba chache zilizomezwa na mikorosho. Mama yake alifia njiani akipelekwa hospitali Lindi kwa machela, uchungu ukiwa umemshinda, na mtoto aliyekuwa tumboni naye hakuliona jua. Kazija akabaki mikononi mwa bibi yake, Bibi Somoe. Bibi alimlea kwa mzaha na ukali, akimwita "mke mwenzangu," akimfundisha kutwanga, kubangua korosho na kunyamaza mbele ya wakubwa. Umri wa shule ulipofika, bibi alimfungia vitu vyake kwenye kanga, akamleta kwa miguu mpaka Rasbura kwa mjomba wake Huseni. Kwa Wamwera mtoto ni wa mjomba, na Huseni hakuweza kukataa hata kama angetaka.

"Nimekuletea mtoto wa dada yako," bibi alisema kabla hata hajakalia mkeka. "Asome. Awe nesi. Wajenge zahanati kule kwetu, naye akae ndani yake. Mwanamke mwingine asife njiani kama mama yake."

Huseni, aliyekuwa kuli bandarini, mtu mzito wa maneno, aliitikia kwa kichwa tu. Mkewe, Bi Mwahija, akamwonyesha mtoto ndoo ilipo na bomba la mtaa lilipo.

Ndivyo Kazija alivyoanza mji. Alikuwa mtoto wa katikati darasani, si wa mbele wala wa mkia. Hesabu hazikumtisha. Alizipenda kwa sababu Mwalimu Martina, aliyezifundisha, alikuwa hapayuki. Aliandika ubaoni, akageuka, akangoja, na akiona uso mmoja umekunjamana anarudia tangu mwanzo.

Lakini bendi ilihitaji saa zake za mazoezi, na saa hazikuwepo. Asubuhi na mapema kulikuwa na usafi na gwaride. Alasiri kulikuwa na shamba la shule, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na hakuna aliyethubutu kugusa saa za jembe. Ikabaki kipindi cha tatu na cha nne, jua likiwa bado halijakaza. Kwa darasa la Kazija vipindi hivyo vilikuwa vya hesabu.

Mwanzoni hakuona hasara. Mtu asimlaumu: alikuwa mtoto, na filimbi ilimkubali. Wenzake walipuliza wakatoa pumzi tupu na mate. Yeye siku ya kwanza alitoa sauti moja nyembamba, iliyonyooka, na Mwalimu Tomaso akainua uso kama mtu aliyeitwa jina lake. Baada ya muda mfupi alikuwa akiongoza filimbi zote. Nyumbani kwa mjomba hakuwa na kitu chake mwenyewe, hata mkekani alilala na watoto wa Bi Mwahija. Uwanjani wakati wa mazoezi watu wazima walisimama barabarani kumsikiliza. Mwalimu Tomaso hakuwa mkatili. Aliwapenda watoto wale kwa namna ya mtu asiye na watoto wake mwenyewe, akawaletea mihogo ya kuchoma kutoka mfukoni mwake, akawafuta jasho kwa leso yake.

Kazija alirudi darasani kila siku akiwa amechelewa, midomo imemvimba, akakuta ubao umejaa nambari zilizokwisha kuelezwa. Alizinakili. Rafiki yake Cecilia, aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza alichoweza, lakini Cecilia naye alikuwa mtoto. Alijua kulifanya jambo bila kujua kulieleza. Kwa hiyo Kazija alijua hesabu mwanzo na mwisho wake, swali na jibu, na katikati palikuwa na shimo. Walipofika kujumlisha sehemu, alijumlisha juu na juu, chini na chini, nusu na theluthi ikawa mbili ya tano. Alipoona alama ya kosa alifuta, akaandika tena vilevile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Mwalimu Martina alivumilia muhula mmoja. Muhula wa pili akaanza kuwazuia watoto wa bendi mlangoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Mazoezi, Mwalimu."

"Kaeni."

Wakakaa. Siku ya pili Mwalimu Tomaso akawachapa kwa kukosa mazoezi, viboko viwili viwili. Siku ya tatu wakaenda mazoezini, na Mwalimu Martina akawachapa kwa kutofanya kazi ya darasa. Baada ya hapo watoto wakaona hakuna upande usiouma, wakafuata upande wenye muziki.

Mwalimu Mkuu, Bwana Bakary, alimjibu Mwalimu Martina mbele ya darasa zima. Mlango ulikuwa wazi, nao walisimama kizingitini.

"Watoto hawa wataanguka, Mwalimu Mkuu," Mwalimu Martina alisema. "Siwezi kumfundisha mtoto asiyekuwepo."

"Tazama juu," Bwana Bakary alimwambia, akinyoosha kidole kwenye dari. "Hayo mabati yametoka wapi? Yametoka kwa mgeni aliyepokewa na bendi. Mwaka jana tulikuwa tunasomesha chini ya makuti yanayovuja. Sasa unataka niiue bendi kwa ajili ya sehemu na desimali?"

Mwalimu Martina alitazama juu kweli, kama aliyeamriwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi wachukue kipindi cha mwingine. Mbona kila siku changu?"

"Kwa sababu ndicho kipindi kilichopo."

Akajaribu njia nyingine. Akawaambia watoto wa bendi wabaki naye saa ya mapumziko ya mchana, atawafidia kilichopotea. Kazija alibaki mara kadhaa. Lakini saa hiyo ndiyo aliyotakiwa kurudi mbio nyumbani kupanga foleni bombani, na aliporudi bila maji Bi Mwahija hakumpiga. Alimtazama tu, akabeba ndoo mwenyewe na mtoto mgongoni, na macho yale yalimchoma Kazija kuliko fimbo. Siku alizobaki shuleni alibaki na njaa. Siku moja alilala juu ya dawati, chaki ya Mwalimu Martina ikiendelea kulia ubaoni, na alipoamka alikuta mwalimu ameketi mbele yake, hafundishi tena, anamtazama.

"Nenda nyumbani mwanangu," mwalimu alimwambia. "Nenda ukale."

Kazija hakurudi tena saa ile, na Mwalimu Martina hakumwita tena. Mwisho wa mwaka mwalimu akahamishiwa Nachingwea, na hesabu zikashikwa na mtu aliyefundisha akiutazama ubao.

Aliyejaribu kuzuia mara ya mwisho alikuwa mjomba Huseni. Kazija alipokuwa darasa la sita, mjomba alimsikia akishindwa kumfanyia mchuuzi hesabu ndogo ya samaki uani, na mchuuzi akacheka. Kesho yake Huseni hakwenda bandarini. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda shule, akamkuta Mwalimu Mkuu na Mwalimu Tomaso pamoja ofisini. Kazija aliitwa akasimama ukutani.

"Nimekuja kumtoa mtoto wangu kwenye filimbi," Huseni alisema baada ya salamu. "Bibi yake alimleta asome. Mshika mawili moja humponyoka, na linalomponyoka ndilo tulilomletea."

Mwalimu Tomaso aliruka kutoka kitini. "Mzee wangu, nikimtoa huyu bendi imekufa! Wote wanamfuata yeye."

"Sijaja kuua bendi. Nimekuja kuchukua mtoto."

Bwana Bakary hakupandisha sauti. Alikuwa pia mtu wa chama pale mtaani, na kila mmoja chumbani alilijua hilo. "Bwana Huseni," alisema, "mwezi huu kuna operesheni. Watu wanahamia vijijini, viongozi wanakuja kuwapongeza, na bendi hii imetajwa kwa jina. Nikiulizwa kwa nini haikuja, nijibu nini? Nijibu kwamba yuko kuli mmoja wa bandari, jina lake fulani, hakupenda?"

Mikono mikubwa ya Huseni ilikuwa magotini, na Kazija aliona vidole vikijikunja na kujikunjua. Kisha mjomba akasimama, akasema, "Haya, walimu. Mimi sijasoma," akatoka. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena habari za shule.

Operesheni ilifika. Watoto wa bendi walipandishwa lori asubuhi, sare zimepigwa pasi, na kwao ilikuwa furaha, kwa kuwa waliahidiwa wali. Lori likashika njia ya Kilangala. Kazija alipoanza kuitambua miti, moyo ulimfurahi; alidhani labda wataiona Nahima kwa mbali. Lakini lori liliipita njia ya Nahima, likasimama mbele zaidi, kando ya barabara, kwenye uwanja mpana uliofyekwa ukawa mweupe. Palikuwa na vigingi vimepigwa kwa mistari, bendera, viti vya wageni chini ya turubai, na hakuna nyumba hata moja.

"Malori yakitokea tu, anzeni," Mwalimu Tomaso aliwaambia. "Msinyamaze mpaka nishushe mkono."

Malori yakatokea. Kazija akaweka filimbi mdomoni, akaongoza. Ulikuwa wimbo wa gwaride, wa haraka, ngoma zikiupiga mgongoni. Watu wakaanza kushuka, na hawakushuka kama watu waliokuja sherehe. Wazee walishushwa kwa kubebwa. Kuku walikuwa wamefungwa miguu. Wanawake walishika vyungu, magodoro ya sufi, fito za paa zilizokuwa bado na masizi ya moshi wa jikoni. Kazija alizitambua nyuso moja moja: jirani, mwana wa jirani, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha juzuu. Wote walikuwa wa Nahima. Na nyuma yao, akishikwa mkono na kijana wa mgambo, akashuka Bibi Somoe, ameshika mchi bila kinu. Kinu kilikosa nafasi kwenye lori.

Vidole vya Kazija havikusimama. Vilikuwa vimefundishwa visisimame. Alipuliza huku machozi yakimwingia mdomoni na kuilowesha filimbi, na sauti ikawa inateleza, lakini ngoma ziliifunika. Alimtazama Mwalimu Tomaso. Mwalimu Tomaso aliwatazama viongozi, mkono juu. Bibi Somoe aligeuza kichwa huku na huku akitafuta muziki unakotoka, macho yake hayakuwa makali tena, na mwishowe yakamkuta mjukuu wake akiwa mbele ya wote, soksi nyeupe, filimbi mdomoni.

Baada ya hotuba watoto walipewa wali. Kazija hakula. Alimtafuta bibi mpaka akamkuta ameketi chini kwenye kiwanja alichopewa, katikati ya vigingi vinne. Akapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Bibi hakumwita mke mwenzangu. Aliigusa sare yake, akaipapasa kitambaa. "Ndiyo masomo haya, Kazija?"

"Ni bendi, bibi. Tunapokea wageni."

"Nyumba wameivunja alfajiri. Wameezua paa, wakasema tusije tukarudi." Aliuweka mchi chini polepole. "Sikujua kwamba mbele kuna ngoma."

Kazija alitaka kusema kwamba hakuambiwa, kwamba hakujua ni wao. Honi ya lori ikapigwa. Aliinuka na wali wake kwenye kipande cha jani, akamwachia bibi mapajani, akakimbia.

Masika ya mwaka uliofuata yalimkuta Bibi Somoe kwenye kibanda ambacho paa lake halijakwisha. Mikorosho yake ilikuwa kule Nahima, mwendo ambao miguu yake haikuuweza, na shamba jipya lilikuwa mchanga mtupu. Homa ikamshika. Zahanati ya kijiji kipya ilikuwa msingi wa mawe na kibao. Habari za kifo chake zilipofika Rasbura, Huseni alitoka palepale kwa miguu. Kazija siku hiyo alikuwa Kikwetu uwanjani pamoja na bendi, wakingoja ndege iliyochelewa. Aliporudi jioni, Bi Mwahija alimvua viatu kama mtoto mchanga, akamkalisha, ndipo akamwambia kwamba bibi ameshazikwa.

Hapo ndipo Kazija alipokwenda mwenyewe kwa Mwalimu Tomaso. Alikuwa darasa la saba, mtihani mbele yake. Alimkuta chumba cha vifaa, anapaka filimbi mafuta ya nazi ili zisipasuke.

"Mwalimu, naomba kuacha."

Mwalimu Tomaso aliendelea kupaka. "Umenikasirikia."

"Hapana Mwalimu. Hesabu sijui. Nitaanguka."

"Sikiliza," alisema, na sauti yake ikawa ya haraka, ya kusihi. "Huhitaji hesabu. Bendi ya polisi Dar es Salaam huchukua vijana wanaojua kupuliza. Nimeshawapelekea habari zako. Nimewaambia ninaye mmoja ambaye sijapata kumsikia mfano wake. Watakuchukua, utavaa sare yao, utasafiri. Mimi ningekwambia uongo?"

Hakumwambia uongo. Alikuwa amewapelekea habari kweli, na kweli aliamini. Kwa hiyo Kazija akaamini pia, kwa sababu ulikuwa mlango pekee aliouona wazi, akarudi kwenye filimbi. Miezi ikapita. Siku moja Mwalimu Tomaso akamwita pembeni, hawezi kumtazama. Polisi walikuwa wamejibu. Walitaka wavulana.

"Sikuwaza," alisema. "Wallahi, Kazija, hata halikunipitia kichwani." Alikuwa Mkristo, lakini aliapa hivyo, kama watu wote wa pwani.

Mtihani ulifanywa katika darasa lenye mabati ya mgeni, joto likishuka kutoka juu kama mkono. Karatasi ya Kiswahili aliiweza. Karatasi ya hesabu ilipogeuzwa, Kazija aliona mambo anayoyajua majina: sehemu, desimali, kigawe kidogo cha shirika. Ilikuwa kama kukutana na watu ambao umewahi kuwasalimu tu. Alifanya za mwanzo. Akafika katikati. Nje, uwanjani, Mwalimu Tomaso alikuwa akifundisha watoto wadogo, kwa sababu kulikuwa na mgeni kesho. Mtoto fulani alikuwa anakosea mahali pale pale kila mara, anachelewa kunyanyua kidole. Kazija aligundua kwamba vidole vyake mwenyewe vinacheza juu ya dawati, vinamsahihisha. Akavikalia. Alipovitoa, msimamizi alikuwa anakusanya karatasi.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalisomwa shuleni mbele ya wazazi. Bendi mpya ilikuwa haijaiva, kwa hiyo Mwalimu Mkuu aliwaita wale wa darasa la saba waje wapige kwa mara ya mwisho. Cecilia alichaguliwa. Wavulana wawili walichaguliwa. Katika watoto wote wa bendi hakuchaguliwa hata mmoja. Bwana Bakary alisema neno refu la pongezi, kisha akawapungia mkono waanze, na wale walioanguka wakawapigia waliofaulu. Kazija aliongoza. Watu waliokuwepo walisema hajapata kupuliza vizuri kama siku ile. Cecilia alikuwa analia akimtazama.

Walipomaliza, filimbi zilikusanywa, kwa kuwa zilikuwa mali ya shule. Mwalimu Tomaso aliipokea ya Kazija, akaifuta mdomo kwa leso, akamkabidhi binti mdogo wa darasa la nne aliyekuwa anangoja nyuma yake mkono wazi. Kazija alimuaga mwalimu, akaenda zake bombani. Ndoo haikujua habari za mtihani.

Mjomba Huseni hakumlaumu. Alisema tu, "Mungu hakuandika," na jambo likafungwa hivyo, ingawa usiku mmoja Bi Mwahija alimsikia mumewe akijisemea gizani kwamba siku ile ilimpasa kukaa kitini pale ofisini mpaka wamtoe kwa mgambo.

Njaa ikaja, miaka ile ya unga wa njano wa msaada, na kila nyumba ikapunguza midomo. Kazija akaolewa na Abdurahmani, karani wa mzani wa korosho katika kijiji kile kipya kando ya barabara. Basi akaenda kuishi hatua chache kutoka makaburini alikozikwa bibi yake. Abdurahmani alikuwa kijana mpole, mwenye mguu mmoja mfupi, aliyeangushwa na mtihani wa darasa la nne, enzi za mtihani huo, na tangu hapo akawa anajifunza kwa kupima magunia.

Wakati huo watu wazima wote walikuwa wanatakiwa kusoma. Mwenyekiti wa kijiji akasikia mke wa karani amemaliza la saba, akampa kisomo cha wanawake, alasiri, chini ya banda la ghala. Kazija aliwafundisha herufi, na wakamwelewa, maana alikuwa mvumilivu na hakupayuka. Walipoweza kuandika majina yao wakataka hesabu. Walitaka kujua karani anapima nini, kilo na nusu kilo na robo zake.

"Hesabu atakuja mwalimu mwingine," Kazija aliwaambia. Akawaambia hivyo juma lile, na juma lililofuata, mpaka mwanamke mmoja akamuuliza mbele ya wote, "Mwalimu, kwani wewe miaka saba ulikuwa unafanya nini?"

Jioni ile alikuwa anamenya mihogo uani. Akamuuliza mumewe, bila kuinua uso, nusu na theluthi zinajumlishwaje. Abdurahmani alidhani anamjaribu. Alipoona hamjaribu, akachukua kipande cha muhogo, akakikata nusu. Akachukua kingine cha urefu ule ule, akakikata vipande vitatu.

"Hiki na hiki huwezi kuvihesabu pamoja," alisema, "si sawa. Kwanza vikate vyote mpaka vilingane." Akavikata, sita huku, sita kule. "Nusu ni hivi vitatu. Theluthi ni hivi viwili. Jumla?"

"Vitano," Kazija alisema. "Vitano vya sita."

"Basi. Ndiyo hiyo."

Kazija akavitazama vile vipande. Maji ya mihogo yalikuwa hayajaanza hata kuchemka.

"Ni hili tu?"

"Ni hili tu," Abdurahmani alijibu, akacheka kidogo, akifurahi kwamba amefundisha. Kisha akaona mkewe ameweka kisu chini na kujifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Akaogopa. "Nimekukosea nini? Kazija? Nimesema neno baya?"

Alimwambia ni moshi. Akainuka, akavitia vile vipande chunguni pamoja na vingine, akakoleza moto.

Juma lililofuata aliwafundisha wanawake wenzake sehemu kwa mihogo, na wengi walielewa. Darasa lenyewe halikudumu. Unga wa serikali uliadimika, na ilipofika miezi ya ukame wanawake walikuwa wanaingia porini alfajiri kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, na kurudi jua likizama, hawana nguvu ya kushika chaki. Mwenyekiti alipouliza kwa nini banda la ghala halina watu alasiri, Kazija hakuwepo kumjibu, maana naye alikuwa huko porini pamoja nao, jembe mkononi, anafuata mzizi chini ya mchanga.